Rangi ya Njano Iliyotoka Stoo Yetu

Admin, nifiche kabisa, hata herufi ya kwanza ya jina langu usiiweke. Mimi ni mama wa miaka 33, nimeolewa, nina binti mmoja wa miaka minne, tunaishi Batsinda hapa Kigali. Nilikulia Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kidogo, msije mkasema mimi si wa huku.

Nafanya kazi kwenye shirika dogo linaloendeshwa kwa ruzuku ya serikali. Tunapita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, Nyamirambo, Kagarama, kote huko, tunapima rangi za mafuta kuona kama zina madini ya risasi kupita kiwango kinachoruhusiwa. Kwa asiyejua, sumu hiyo ikimwingia mtoto inamharibia ubongo polepole, bila homa wala upele, na kilichoharibika hakirudi. Makopo yanayokutwa na sumu tunayaondoa dukani na kuyafungia stoo, yakisubiri kwenda kuteketezwa kitaalamu. Mkurugenzi wetu ni kaka mkubwa wa mume wangu. Ndiye aliyeniingiza kazini, na kwenye ukoo wao akikohoa yeye, wote wananyamaza.

Siku moja shemeji aliniambia gari limekuja kuchukua makopo ya rangi ya njano, yameenda kuteketezwa. Nikafurahi, maana stoo ilikuwa imejaa. Mwisho wa mwezi ule tukawa na umuganda, ile Jumamosi ya kutoka wote kufanya kazi za mtaa. Kwetu iliamuliwa tupake rangi chekechea ya mudugudu, yaani ya mtaa wetu. Shemeji akaja na ndoo za rangi ya njano, akasema ni mchango wake. Kiongozi wa mudugudu alimshukuru mbele ya watu mpaka akainama, tukapiga makofi, nami nikipiga kwa nguvu kuliko wote kwa kujivunia ukoo wangu. Madirisha ya darasa la watoto wadogo niliyapaka mimi kwa mikono yangu.

Halafu jioni moja nimetoka kazini na mashine ya kupimia begini, nikapita pale chekechea kumchukua binti yangu. Nikamkuta amesimama dirishani ananisubiri, anaguguna nondo za dirisha. Mdomoni ana vipande vya njano. Jamani, moyo ulinipasuka. Nikatoa ile mashine, nikaielekeza dirishani, na namba iliyotokea sijawahi kuiona hata kwenye duka baya kuliko yote. Nikapima mlango, kabati la viatu, yale yale. Mwalimu ananiuliza, "Mama, uko napima nini?" Nikamjibu, "Unyevu." Mjinga gani anapima unyevu wa nondo? Lakini ndicho kilichonitoka.

Asubuhi yake nilimfuata shemeji ofisini. Hakukataa hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Alinimiminia chai, akasema, "Shemeji, fedha za kuteketeza ziliisha. Rangi ni nzuri, inang'aa. Wazee wetu walipaka hizo hizo, mbona tuko wazima?" Nikamwambia watoto wanaguguna madirisha. Akasema wafundishwe adabu. Nikasema basi nitaenda wizarani. Akatabasamu, akanisogezea sukari. "Reka, sha, achana nayo. Ruzuku mpya inajadiliwa sasa hivi. Na ile stoo ina funguo mbili tu, wako na wangu. Wakija kuuliza, unafikiri wataanza na nani?"

Nikarudi nyumbani nikamweleza mume wangu. Mwanaume ambaye kelele za jirani tu anampigia simu kiongozi wa mudugudu, siku hiyo simu hakuigusa. Mwisho akasema, "Muondoe mtoto wetu pale, yaishe. Kaka yangu siwezi kumpeleka kokote."

Na ndivyo nilivyofanya. Binti yangu nimempeleka shule nyingine, mbali, nikasema vumbi la pale linamsumbua kifua. Nilimpeleka na hospitali akatolewa damu, majibu bado. Kila nikimwita akachelewa kuitika, nakimbia kwenda kumtazama. Lakini wenzake wako pale pale. Nikipita nawaona wamejipanga madirishani, vidole mdomoni, wananiita, "Mama! Mama!" Najichukia. Napita haraka.

Jirani yangu mlango kwa mlango ni Mama Keza, muuza mboga, mtu mwema sana. Keza wake ana miaka mitatu, naye yuko pale. Juzi alikuja kuniomba chumvi, akaniambia mwanawe siku hizi tumbo linamuuma, hataki kula, "na maneno iko nasahau, yale alikuwa najua." Nikamwambia ni minyoo. Mungu anisamehe, nilisema minyoo.

Sasa nisikilizeni. Jumamosi hii ni umuganda tena. Shemeji yuko safarini, amenitumia ujumbe kwamba nifungue stoo, kuna vijana watakuja kuhamishia rangi nyekundu na ya kijani kwenye ndoo, safari hii wanapaka viti, meza na vitu vya kuchezea vya chekechea. Ameandika, "Usiniangushe, shemeji." Nikikataa, ana ufunguo wake, atamtuma mtu. Nikisema, shirika litafungwa, ndoa yangu itavunjika, na huenda nikafungwa mimi kwanza. Nikinyamaza, mnajua wenyewe.

Leo Mama Keza amenigongea akiwa na furaha. Amesikia rangi inatoka kwetu. Ameniomba, kama itabaki kidogo, nimwekee nyekundu kwenye kopo, apake kitanda cha Keza. Nimemwitikia, "Yego, nitakuwekea."

Ndugu zangu mnaosoma, hasa nyinyi wenye watoto, nisemeni mnavyotaka lakini mniambie: naanzia wapi, nifanye nini kabla ya Jumamosi?