Mgongo wa Dalali

Dalali yule ana sauti tamu na mgongo mpana, na mgongo ndio wenye kazi. Kila akifungua chumba huingia wa kwanza, huegemea mahali fulani, kisha huanza kusifu upepo huku akizungusha funguo kidoleni. Muuguzi, mgeni mjini, ameshatembezwa naye vya kutosha kumjua. Akiegemea ukuta, nyuma yake pana unyevu. Akisimama dirishani, kioo kimepasuka. Siku alipokalia ukingo wa sinki, muuguzi alimwinua kwa adabu, akafungua bomba, nalo likakohoa bila kutoa tone. Dalali alicheka mpaka machozi. "Dada, wewe hukuja kupanga, umekuja kukagua!" Muuguzi hakubabaika, ingawa bado analala sebuleni kwa wifi yake, na anataka kuhama kabla jina la kwao halijawa mazungumzo ya jikoni.

Leo ngazi zimejaa watu wanaokingoja chumba hichohicho. Dalali amefungua, ameingia, na kwa mara ya kwanza hajui ajiweke wapi. Anaegemea ukuta, anauacha. Anakwenda dirishani, anarudi. Mwishowe anabaki katikati ya chumba, funguo zimetulia kidoleni.

"Huulizi hata maji, dada?"

"Maji yapo," anasema muuguzi, akiweka mkoba wake sakafuni. "Ungekuwa umeshalikalia sinki. Nenda kawaambie wa ngazini chumba kimepata mwenyewe."