Mfuko Uliokosekana

Wiki iliyopita nilinunua sokoni kitabu chakavu, riwaya ya upelelezi ya Kifaransa, na nilipokifungua pua yangu ikakutana na harufu ya karatasi iliyokaa miaka karibu na mazutu, dizeli ya malori. Nikasimama palepale, watu wakinipiga vikumbo. Hivyo ndivyo vilivyonuka vitabu vya Papa.

Papa alikuwa dereva wa lori, na vitabu vyake aliviweka kwenye katoni nyuma ya kiti. Mwaka ule, miezi michache baada ya volkano kumwagika katikati ya mji, vita vilifunga barabara ya Rutshuru, lori likalala, na katoni ikaingia nyumbani kwetu Mabanga. Ilikuwa vakansi kubwa, likizo ya shule ya kiangazi, vumbi jeusi la mawe ya moto likituingilia hadi kwenye chai. Nilikuwa na miaka kumi. Papa akimaliza kitabu hunipa mimi, kisha jioni tunabishana ni nani aliyeua. Alinifundisha neno moja nililolishika kuliko somo lolote la madrasa: "Mupelelezi haangaliake kile kiko pale. Anaangaliaka kile kinakosa."

Lakini niwaambie kwanza habari ya siku mlima ulipopasuka. Tulikimbilia mpakani na mji mzima. Mimi nilikuwa mnene, na kifua changu kilipiga filimbi hata nikipanda ngazi tatu. Kila baada ya hatua chache nilisimama, na wa nyumbani kwetu wakasimama kuningoja, na nyuma yetu anga lilikuwa jekundu. Kaka yangu Ramazani, aliyezoea kuniita Bibi Harusi badala ya Mwamini kwa ajili ya mwendo wangu, safari hiyo hakutania. Alisema, "Huyu mutoto atatuuwisha." Hakuna aliyemkemea. Tulivuka salama, tukarudi, tukakuta nyumba imesimama, lakini neno lile sikulisahau.

Sasa, katika vakansi ile, ardhi ilikuwa bado inatikisika mara kwa mara, na milio ya bunduki ilisikika kutoka upande wa Kanyaruchinya. Mama, aliyeuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, alichukua turubai ya msaada akashona mifuko ya mgongoni, tayari kwa siku nyingine ya kukimbia. Akaipanga nyuma ya mlango. Nikaihesabu: wa Papa, wa Ramazani, wa mdogo wetu Saidi, na wa Mama, ambao ulikuwa mkubwa kuliko yote. Wangu haukuwepo. Nilingoja aushone. Siku mbili baadaye nilimsikia jikoni akimwambia Papa kwa sauti ya chini, "Mwamini hatafika." Nilipoingia, wakaanza kuzungumza habari za chumvi.

Basi nikajua. Wangeniacha. Sikuuliza, maana katika vile vitabu anayeuliza mapema hufa ukurasa unaofuata. Usiku nililala nikiwa nimeshika pindo la kitenge cha Mama, nikajidai ni baridi.

Nikajiwekea sharti: kabla shule hazijafunguliwa niwe nakimbia kutoka nyumbani hadi Kituku, ufukweni, bila kusimama. Kila asubuhi nilivaa viatu vya Ramazani vilivyochoka, nikavijaza vitambaa, nikatoka. Mawe ya volkano yalikuwa makali kama chupa zilizovunjika. Nilihesabu nguzo za umeme: siku ya kwanza mbili, kifua kikapiga filimbi, mbwa wa jirani akanipita akitembea. Juma la tatu nilifika nguzo ya kumi na tisa. Mama aliniuliza ni nani ananifukuza. Nikamwambia ni spoti tu. Akacheka, akasema mwenda pole hajikwai. Nikawaza kimoyomoyo kwamba moto wa mlima haujasoma methali hiyo.

Asubuhi moja nilifika Kituku kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nimesimama njiani mara mbili. Nilikuwa nimeinama, nimeshika magoti, wakati ardhi ilipotikisika vibaya kuliko siku zote. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba mlima umepasuka tena. Wanawake wa soko la samaki wakainua mabeseni, wengine wakayaacha, na wote wakakimbia.

Mimi nilikimbilia nyumbani. Niliogopa mlima, ndiyo, lakini niliogopa zaidi kukuta mlango umefungwa. Nilikimbia dhidi ya watu, nikilia, nikipigwa na mafurushi yao, na sikuhesabu nguzo hata moja. Sikumbuki kusimama popote.

Mlango ulikuwa wazi. Papa hayupo, wavulana hawapo, mifuko yao haipo. Mama alikuwa ameketi kizingitini, mfuko wake mkubwa magotini.

"Bamekwisha kutangulia," alisema. "Miye na weye tutaenda polepole, sawa vile kifua yako itaweza."

Alifungua mfuko kutafuta maji, nikaona ndani nguo zangu, daftari langu na kitabu nilichokuwa sijamaliza. Vyote vilikuwa vimekunjwa pamoja na vya kwake.

Tulitembea, tukapumzika, tukatembea. Kabla hatujafika mpakani watu walikuwa wanarudi. Mlima ulikuwa umetulia. Mimi nilikuwa na furaha tupu. Sikuachwa. Nilimsamehe hata Ramazani.

Miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kichekesho cha mpelelezi aliyekosea. Mpaka nilipozaa mwenyewe, nikaanza kuwaza yale mazungumzo ya jikoni. Mama alikuwa akibeba beseni la samaki kichwani kutoka Kituku hadi Mabanga bila kulitua. Katika nyumba yetu hakuna aliyekuwa na miguu kama yake; angevuka mpaka kabla ya wote. Naye hakuwahi kubishana na maneno ya Ramazani. Aliyaamini. Aliwagawa watoto wake kwa mikono yake mwenyewe, waliotarajiwa kupona akamkabidhi Papa, kisha akakaa kizingitini kumngoja yule ambaye yeye mwenyewe aliamini hatafika, ili asife peke yake.

Siku ile nilimwona ametulia. Leo ndipo naogopa kwa niaba yake.