Dawa ya Uso na Maziwa ya Shangazi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sitaisahau hata nikianza kusahau majina ya watoto wangu. Ni siku mtu mmoja aliponitazama mdomoni, akaniambia, "Kijana, umeota masharubu meupe. Nenda kanawe." Nitakufikisha hapo. Kwanza nikueleze uso wangu ulivyokuwa, maana bila ule uso sina cha kusimulia.

Nimesikia umegeuza kioo kikatazama ukuta. Nimesikia pia kwamba hospitali walikupa vidonge vya chunusi, ukavimeza siku nane, ukaviacha vimekaa dirishani vinaota jua. Usikasirike na aliyeniambia. Na mimi niligeuza kioo. Changu kilikuwa kipande tu, kimevunjika kwenye lori la mtu, lakini niliona hata kipande kinatosha kunitukana.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini na kitu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, labda ishirini. Hakuna aliyeandika, mama alisema nilizaliwa nzige walipokula mtama, na nzige walikula mtama mara nyingi. Kwetu ni upande wa Mhunze, lakini nilikuwa nimekwenda Geita kufanya kazi mgodi wa dhahabu. Kazi yangu ilikuwa kusukuma vigari vya mawe. Shule niliikaa miaka miwili, na nusu ya ule wa pili nilikuwa machungani. Kwa hiyo sikupewa kalamu, nilipewa kigari. Sikulalamika.

Nilikaa kwa shangazi yangu, dada wa baba, aliyeolewa karibu na mgodi na mwenye ng'ombe wengi. Yule mama alinipenda kwa maziwa. Wengine hupenda kwa maneno, yeye neno jema hakulijua. Ukiingia kwake umechoka, kibuyu. Ukiwa na homa, kibuyu. Ukileta habari ya msiba, kunywa kwanza.

Sasa ule uso. Chunusi zilianza kwenye paji, zikashuka mashavuni, zikafika shingoni. Si vipele vya kuwasha, la. Zilikuwa kubwa, nyekundu, zina usaha, nyingine ngumu kama punje ya mtama chini ya ngozi. Nikilalia shavu la kulia naumia, nikigeukia la kushoto naumia. Na kila mtu alikuwa mganga wangu. Wenzangu wa vigari walisema, "Oa tu, Mabula, hizo ni ashiki." Mwingine akaniambia nimerogwa. Shangazi alinipaka samli uso mzima asubuhi na jioni, nikawa nang'aa kama sufuria mpya, na chunusi zikashangilia.

Ningevumilia yote hayo kama si ngoma.

Labda ninyi wa leo hamjui vizuri, basi nieleze. Baada ya mavuno makundi mawili ya ngoma yalikuwa yanashindana mchana kweupe, uwanja mmoja, saa ile ile. Huku wanapiga, huku wanapiga, na watu wako huru katikati. Hakuna mwamuzi. Watu wakihamia upande wako umeshinda, wakikuacha na ngoma zako umeshindwa. Na mbele ya kila kundi husimama manju, ndiye anayetunga na kuongoza nyimbo. Husimama juu ya kinu kilichopinduliwa ili wote wamwone. Uso wa manju ndio bendera ya kundi.

Na manju wa kundi letu nilikuwa mimi. Sauti nilipewa, sikuiomba.

Manju wa upande wa pili aliitwa Nkwabi, kijana mrefu, mtundu, ulimi kama wembe. Kutungiana nyimbo za kejeli ndiyo desturi, hakuna kosa hapo. Basi Nkwabi akatunga. Miezi mitatu kabla ya mashindano wimbo ulikuwa umeshafika mgodini, wanawake wanauimba wakichota maji:

"Kichuguu cha Mhunze kimeota macho,
kumbikumbi wanatoka mashavuni!"

Wimbo mzuri. Ndilo lililoniuma zaidi, kwamba ulikuwa mzuri. Nilijikuta nasukuma kigari huku naunong'ona.

Mkuu wa vijana wetu akaniita. Hakuwa mtu wa kuzunguka. "Mabula, utasimama kwenye kinu au hutasimama? Maana siku hizi unaimba umeinamisha kichwa kama unatafuta sindano. Ukiona huwezi, useme, nimpe mwingine."

Nikamwambia nitasimama. Lakini moyoni nilijua kwamba kwa uso ule sitapanda kinu. Na nisingepanda mwaka ule, nisingepanda tena. Manju aliyekimbia wimbo hurudi kuwa mpiga makofi.

Kilichonipeleka hospitali ya mgodi ni jipu. Chunusi moja ya kidevu ilivimba hata mkanda wa kofia ya kazi ukashindwa kufunga, msimamizi akanifukuza niende nikatibiwe. Daktari, mzungu mzee wa maneno machache, alinigeuza uso huku na huku. Akasema kuna dawa mpya, ya kumeza, inayotibu vidonda na vifua, na imeonekana kusaidia chunusi kali za namna yangu. Nikashangaa. Ugonjwa uko usoni, dawa inapita tumboni? Lakini sikuuliza. Nilikuwa sijazoea kuuliza watu waliovaa viatu.

Vidonge alinipa dresa, yaani msaidizi wa daktari, Bwana Ramadhani, mtu wa Tabora, mpole, kanzu nyeupe chini ya koti la kazi. Vilikuwa vidonge vya ganda laini, vimejaa unga wa manjano. Alinieleza taratibu, kama anamfundisha mtoto kuvuka mto: "Kimoja asubuhi kabla ya kula, kimoja jioni kabla ya kula. Kwa maji. Maji matupu, Mabula, si kitu kingine. Usimgawie mtu. Na usitegemee kesho. Dawa hii ni ya majuma, si ya siku."

"Ndiyo, bwana," nikasema. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Hiyo ndiyo tabia yangu mbaya ya ujana, na wewe unayo, nimeiona.

Nikafika nyumbani, shangazi akataka kujua. Nikamwonyesha. Nikamwomba maji.

"Maji?" akasema. "Mgonjwa ameze dawa kwa maji, nyumba hii, watu wapite waseme mke wa fulani amefilisika?" Kibuyu kikatoka.

Nielewe, mwanangu. Kwetu dawa ya mizizi huja na maziwa au samli. Hata mtoto anajua dawa kali inahitaji kitu cha kuishika mkono iingie tumboni. Nikaona yule bwana wa Tabora, mtu wa migahawa na chai, hana ng'ombe, ndiyo maana anasema maji. Tena kile kidonge kilinichoma tumbo, na maziwa yalipoza. Nikameza kwa maziwa asubuhi, nikameza kwa maziwa jioni. Wiki moja. Mbili. Tatu.

Hakuna kilichotokea. Samahani, kilitokea: zikaongezeka mbili puani.

Nikarudi hospitali nimefura. Ilikuwa asubuhi, nimetoka kumeza, nimekuja mbio. Watu wamejaa kwenye mabenchi, nami sikungoja zamu. "Bwana Ramadhani, dawa yenu ni ya bure! Wiki tatu nameza, na uso ni ule ule!"

Hakukasirika. "Shikamoo kwanza," akasema.

Nikaona haya. "Shikamoo."

"Marahaba. Unameza vipi?"

"Kama ulivyosema."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa maji, bwana. Maji matupu."

Ndipo akanitazama mdomoni. Akasema, "Kijana, umeota masharubu meupe. Nenda kanawe."

Nikapeleka mkono. Maziwa ya shangazi, mazito, yamekauka juu ya mdomo. Mabenchi mazima yakacheka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alicheka hata mtoto akaamka.

Ramadhani akanivuta pembeni, na hapo ndipo aliponikemea, kwa sauti ya chini, nayo ni mbaya kuliko ya juu. "Sikiliza. Dawa hii na maziwa zikikutana tumboni zinashikana. Haziachani mpaka zitoke pamoja. Tumeliona hapa kwa ninyi wenye ng'ombe. Damu yako haijapata kitu, uso wako haujapata kitu. Wiki tatu umekuwa ukikitibu choo cha shangazi yako. Hakitaota chunusi kamwe."

Nikataka kucheka, yeye hakucheka.

"Kosa la maziwa ni dogo," akaendelea, "hukujua, nami nilipaswa kukueleza sababu siku ile. Hilo ni langu. Lakini umenidanganya. Kama midomo yako ingekuwa safi, ningekuamini. Ningemwambia daktari dawa imeshindwa, angekuongezea au angekupa nyingine kali zaidi, na ungeumia kwa uongo wako. Mimi natibu kile unachoniambia. Ukinipa uongo, natibu uongo."

Nimekuwa mzee, nimehubiriwa na mapadre na mashehe na wanasiasa. Sijasikia hubiri linalopita lile.

Akanipa vidonge vingine. Nikabaki na kazi ngumu kuliko kusukuma vigari: kumwambia shangazi.

"Yaya, yaya!" akakataa kwa lugha ya kwetu kabla sijafika mwisho. "Maziwa yaliyomlea baba yako yamekuwa sumu?"

"Si sumu, shangazi. Yanaikamata dawa."

"Yanaikamata vipi? Yana mikono?"

"Wewe mwenyewe hunipa maziwa nikila kitu kibaya, ili yakikamate kisiniumize. Sasa yanakamata na kizuri. Hayajui tofauti."

Akatazama kibuyu kama mtu anayemtazama mwanawe aliyefanya jambo la ajabu. "Basi ni maziwa yenye nguvu," akasema. Nikasema ni yenye nguvu sana. Hapo akaridhika, na kuanzia siku hiyo akawa askari. Asubuhi ananipa maji kwenye kata, anasimama mbele yangu mpaka koo lishuke. Kibuyu akakipandisha juu darini. "Maziwa jua likifika juu ya kichwa," anasema, "si kabla." Mume wake alipotaka maziwa ya asubuhi aliambiwa na yeye angoje, sijui kwa nini.

Mwanangu, usidhani kesho yake uso ulikuwa laini. Wiki ya kwanza sikuona kitu. Tumbo lilinisumbua, na jua la mchana likaanza kunichoma kuliko zamani. Nilipomwambia dresa, ukweli safari hii, akaniambia dawa ile hufanya hivyo, nivae kofia pana. Nikavaa ya ukindu, wakaniita bibi harusi. Wiki ya tatu niliamka nikagundua nimelalia shavu la kulia usiku kucha. Sikuumia. Nilikaa kitandani nikalipapasa lile shavu kama ni la mtu mwingine. Wiki ya tano zile ngumu zikaanza kuyeyuka, na mpya hazikuja. Nikakigeuza kioo kinitazame tena.

Siku ya mashindano ikafika. Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya magunia ya pamba. Nikafika na kofia yangu ya ukindu imeshuka mpaka puani. Nkwabi aliponiona nimejifunika akacheka, akapanda kinu chake, akauachia ule wimbo kwa nguvu zote, kundi zima linaitikia: "Kichuguu cha Mhunze kimeota macho!"

Nikapanda changu. Nikavua kofia.

Nilikuwa na makovu, sitakudanganya. Ninayo hadi leo, haya hapa. Lakini ulikuwa uso wa mtu, mkavu, umetulia, na jua likaupiga wote wakauona. Nkwabi anaimba kichuguu, watu wananitazama, wanamtazama yeye, wananitazama tena. Bibi mmoja akapaza sauti katikati ya uwanja: "Wewe Nkwabi! Kichuguu kiko wapi? Mbona mimi namwona mtoto wa watu?"

Kicheko kilianzia pale kikaenea kama moto wa majani. Nikangoja kipungue, nikaimba polepole:

"Mvua ilinyesha, kumbikumbi wameruka,
mwenye njaa awafuate huko walikokwenda!"

Ngoma zetu zikaingia. Nikaona ule umati unasogea. Kwanza watoto, halafu wanawake, halafu hata wazee na viti vyao. Shangazi alikuwa mbele, ameinua juu kibuyu cha maziwa kama kombe, maana jua lilikuwa limeshafika juu ya kichwa. Nkwabi alibaki na wapiga ngoma wake na mbuzi mmoja.

Jioni alinifuata, peke yake. Nilidhani anataka ugomvi. Akafunua shuka, akageuka, akanionyesha mgongo. Mwanangu, mgongo wake ulikuwa umeharibika kuliko uso wangu wa kwanza. Alikuwa akinicheka mimi huku yeye analala kifudifudi.

"Umebakiwa na vidonge?" akaniuliza.

Nilikuwa navyo vinne. Sikumpa. Nilimpeleka kwa Bwana Ramadhani kesho yake, apimwe mwenyewe, apewe vyake mwenyewe. Njiani nikamuuliza, "Kwenu mna ng'ombe?" Akasema wapo. Nikamwambia, basi tembea polepole, nina jambo la kukueleza. Tulikuwa marafiki mpaka nilipomzika.

Sasa nakuambia wazi, nisikuache ukibahatisha. Dawa uliyopewa umeze kama ulivyoambiwa, mpaka wakuambie basi, na usihesabu siku nane ukasema imeshindwa. Huenda yako si ile yangu, na masharti yake ni mengine. Kwa hiyo uliza inamezwa na nini, uliza inakataa nini, uliza kwa nini. Usione haya kama nilivyoona mimi. Ukikosea, sema umekosea. Ikikudhuru, rudi upesi. Usimgawie rafiki, mpeleke. Na anayekucheka, usimwogope sana; huenda na yeye ana mgongo.

Mungu akupe uso usioogopa jua, na ulimi usioogopa kumwambia ukweli anayekutibu. Akupe shangazi mkali. Siku yako ya kupanda kinu ikifika, ikukute umevua kofia.

Haya, kavitoe vile vidonge dirishani. Leta na karatasi yake ya maelezo; wewe usome, mimi nisikilize.