Mbuzi ya Kulalia Osaka

Majina ya bantu wote balioingia mu hii mambo niko nayo kichwani, pamoja na majina ya baba zao, na ya mbwa aliyekuwa analala pa mulango. Sitayaandika. Ni bantu bazuri, na banajua njia ya kufika kwangu.

Binti yangu iko Osaka, kule Japani, pamoja na bwana yake anayetengeneza mashini mu fabriki moja. Walipozaa mutoto wa kwanza, wakatuma habari: makuta, feza ya kuleta nkambo mumoja, iko, akae juma moja. Kupita juma, mwenye nyumba hakubali mugeni, juu nyumba yenyewe ni chumba kimoja na pazia katikati.

Nkambo mumoja. Na ule mutoto iko na nkambo wawili hapa Kamina: minyi mwenyewe, mama ya mama yake, na mama ya baba yake, mwanamuke wa Kasai anayeuzisha bitambaa ku soko kubwa. Tunaitana "mama buko", vile banaitana bamama benye batoto yao balioana. Nilikuwa namupenda sana. Nilitaka tu abakie Kamina.

Tulikutana kwangu siku ya mungu kisha misa, pande zote mbili, tufanye hesabu ya safari. Mutoto yangu wa mwisho, anayeuzisha unite za kupigia telefoni pembeni ya gare ya treni, njo alikuwa karani, juu telefoni yake inajua bei ya kila kitu. Treni mpaka Lubumbashi, kisha ndeke, kisha ndeke ingine, viza, chakula ya njiani: kwa mama buko na kwa minyi ilikuwa sawasawa. Kisha tukafika ku kulala.

"Mama buko atalala kwa mutoto yake," mutoto yangu akasema. "Na weye, mama, utalala wapi?"

Kila mutu akatazama chini. Kwetu, mama hawezi kulala chini ya paa moja na bwana ya binti yake. Hawali pamoja, hawatazamani mu macho, na wakikutana mu njia, mumoja anaingia mu majani. Hiyo inaisha siku mukwe anatoa mbuzi ya kuvunja haya, na mama anaikula. Mukwe wangu alipata kazi ya Japani mbio mbio, akapanda ndeke mbele ya kutafuta mbuzi. Tangu pale, binti yangu akinipigia video, kama bwana njo anashika telefoni, anaielekeza juu na kukimbia. Uso yake nimeisahau. Plafon yao, dari ya nyumba, naijua kupita yangu: iko na taa ya duara, na ku pembe ya dirisha iko doa ya maji yenye kufanana na kuku.

"Basi ni hoteli," mutoto yangu akasema. Akatafuta mu telefoni. Juma moja ya hoteli ilipita kila kitu tulichokwisha kuandika. "Kuna ingine ya bei ndogo," akasema. "Unalala mu kisanduku ndani ya ukuta. Wamevipanga kimoja juu ya kingine. Unaingia na kichwa."

Akatuonyesha picha.

"Ni kizuri, mama buko," ule mwenzangu akasema, anachekea mu kitambaa yake. "Hakuna baridi itakupata."

"Kisanduku changu kitakuja siku yake," nikajibu. "Sitakilipa mbele." Kisha nikauliza, pole pole: "Na mbuzi iko bei gani ku soko? Mbuzi moja tu, nalala kwao juma muzima, na hoteli inakufa."

Ilikuwa kweli, kila mutu aliiona. Lakini mbuzi inatoka upande ya mwanaume. Mwenyewe akiwa mbali, mama yake njo anaileta. Mama buko akatazama kucha zake.

"Mbuzi itafika," akasema. "Nikirudi kutoka Osaka."

Hata bantu ya upande yangu walicheka.

Sikukasirika. Nilivuta kiti, nikakaa pembeni yake, nikaanza kumusaidia kupanga safari yake. Nilimwambia juu ya choo cha kule, chenye kufungua kifuniko chenyewe na kurusha maji kutoka chini. Akasema amekiona mu telefoni, anakingojea sana. Nilimwambia juu ya samaki mubichi. Akasema atabeba unga ya kupika bukari, ugali yetu, na samaki ya kukauka. Alikuwa amejitayarisha, ule mama.

Basi nikageukia karani wetu. "Andika pia kazi. Asubuhi, maji ya moto ya kukanda tumbo ya mama aliyezaa. Kisha uji yake. Kisha kufua nguo zake, zile za ndani kwa mikono."

"Hiyo kazi ni ya nani?" mama buko akauliza.

"Ya nkambo mwenye kuenda."

"Hapana. Hiyo ni kazi ya mama ya mwanamuke. Minyi naenda kama mama ya bwana. Nakaa, wananiletea mutoto, namubariki, wananipa chai."

"Nani atakupa chai? Mwenye amezaa hapiki. Bwana iko ku fabriki. Mutabakia weye na pazia."

Mama ya bwana kufua nguo za ndani za bibi ya mutoto yake: soko yote ingejua mbele ndeke haijamurudisha. Mutu wa kuiambia soko nilikwisha kumuchagua, na jina lake pia niko nalo.

Kisha siku kidogo nikamuona anakuja, anavuta mbuzi na kamba. Ilikuwa imekonda, pembe moja imevunjika, na mbele ya kunifikia ilikwisha kula matembele yangu.

"Mama buko," nikasema, "hii inavunja haya ya usiku ngapi?"

"Yote. Ule wa mwisho utalala na kitambaa mu uso."

Akanipa kamba, lakini mukono yake ikabakia pale. "Tazama mutoto yangu kama anakula," akasema. "Kila mara ananiambia anakula. Usiniletee maneno ya kunifurahisha." Hakuwa anacheka tena. Nikamwambia nitafungua hata sufuria zake.

Tulikula ile mbuzi pande zote mbili. Tulipomaliza, mutoto yangu akapiga video Osaka. Ikatokea plafon: taa ya duara, doa ya kuku.

"Mbuzi imeliwa," nikaambia plafon. "Shuka."

Telefoni ikashuka pole pole. Ikaja paji kubwa, juu nywele ilikuwa imerudi nyuma sana, kisha macho mawili yenye kutazama pembeni.

"Jambo, mama."

Miaka yote ile nilikuwa natafuta neno la kwanza la kumwambia. Mama buko akanisukuma na kiwiko.

"Jambo, mwanangu," nikasema. "Ku pembe ya dirisha maji inaingia. Panda utengeneze mbele nifike. Ule kuku amenenepa tangu Noeli."