Birika ya Plastiki Chumbani kwa Binti Yangu

Mimi na ile birika ya plastiki hatukupatana tangu siku ya kwanza. Mkwe wangu aliileta kutoka sokoni, nyeupe, nyepesi, akaichomeka kwenye umeme chumbani kwa binti yangu, aliyekuwa na wiki mbili tu tangu ajifungue. Nilikuwa nimekuja kumsaidia. Nilinusa maji yake: harufu ya ndoo mpya iliyoachwa juani.

"Haya maji ndiyo mutapatia mutoto?" niliuliza.

"Mama, hii iko ya kisasa. Acha makala yako," binti akanicheka, maana mimi nachemsha kwa mkaa tu.

Kisasa! Kitu chenyewe kinayeyuka kwa moto, halafu unakipa kazi ya moto? Kila asubuhi niliikagua, nikapapasa waya, nikanusa tena.

Hapa Kisangani umeme unatoka palepale kwenye bwawa la mto Tshopo, lakini unakuja ukipenda. Kwa hiyo ukikatika, watu hujaza birika, hubonyeza kitufe na kuiacha hivyo. Ukirudi, maji yachemke yenyewe kabla haujakatika tena.

Mchana mmoja binti alikuwa uani anafua nepi, mtoto amelala chumbani. Niliikuta birika imejaa, inangoja. Nikafunua, nikanusa. Harufu ileile! Hasira ikanipanda. Nikamwaga maji yote nje, nikairudisha mahali pake, nikaenda uani kuwasha babula, jiko langu la makala, nichemshe maji ya maana. Kitufe sikukigusa. Hata hakikunijia akilini.

Mara mtaa mzima ukapiga kelele: "Courant! Courant inakuya!" Umeme umerudi; hata mimi nilipiga makofi.

Makala hayajashika vizuri, nikasikia binti anapiga yowe. Moshi mweusi ulikuwa unatoka mlangoni. Alijitosa ndani, akatoka na mtoto kifuani, uso mdogo umejaa masizi, kimya. Kisha mtoto akakohoa, akalia, na sijawahi kupenda kilio kama kile.

Mkwe aliporudi alikuta birika imeyeyuka, imegandia mezani. Majirani walijaa uani.

"Mama alituambia," alisema. "Sisi ndio wajinga."

"Na maji niliweka mimi mwenyewe," binti akasema, machozi yanamtoka. "Ilijaa kabisa! Sasa iliungua namna gani? Mama, nilikucheka. Unisamehe."

Wote wakaniangalia. Nikakumbuka maji niliyoyamwaga. Binti akaniwekea mtoto mikononi, bado ananuka ule moshi.

"Niliwaambia," nikasema.