Kuku Juu ya Kochi

Mume wa binti yangu ni Mjerumani, na ni kijana mzuri. Anakula pweza wa nazi, hachelewi popote, na viatu mlangoni anavipanga kama askari wa gwaride. Kasoro yake moja: hawezi kukaa bure. Mama yake alipopiga simu kwamba anakuja kututembelea hapa Ilford, Uingereza, mkwe wangu akasema atachora nembo ya ukoo, itundikwe juu ya kochi, ili mjukuu wangu ajue asili yake na mambo tunayoyathamini.

"Tunayoyathamini sisi nani?" nikamuuliza.

"Sisi sote, Mama."

Haya. Akaleta karatasi. Ngao ya rangi nyeusi, nyekundu na dhahabu, na katikati tai mweusi kakunjua makucha, ulimi nje kama mbwa aliyekimbizwa. Nikaitafuta Unguja yangu humo, hata karafuu moja, wapi! Mjukuu yule nimemlea mie tangu hajui kukaa kitako. Leo akulie chini ya ukuta unaomwambia kwao ni upande mmoja tu? Thubutu.

"Huyu mwewe anatafuta kifaranga gani?"

"Ni tai, Mama. Maana yake nguvu."

"Mwewe naye ana nguvu. Muulize kuku."

Binti yangu akanifinya chini ya meza. Darasani sikukaa sana, lakini macho ninayo. Nikaitazama ile karatasi: pembeni ina pindo, katikati ina mji, chini ameacha utepe mtupu wa maneno. Kumbe Wazungu nao wana kanga, ila yao hutundikwa! Na kanga isiyo na jina, ule msemo wake, ni kitambaa cha meza tu.

"Jina natoa mie," nikasema. Mkwe wangu akafurahi, akashika kalamu.

"Andika: Wivu wako ndio maradhi yako."

Binti yangu akajifunika uso. "Mama! Anayekuja ni mama mkwe wangu, si mke mwenza!"

"Basi andika: Mtasema mchana, usiku mtalala."

"Mama, nembo si ya kupigia watu vijembe!"

"Na huyo mwewe na makucha yake, anamsalimu nani?"

Mkwe akacheka hadi akavua miwani. Nikaona hapa ndipo pa kumbana. "Sema kweli, mwanangu. Kwenu mlifuga tai?"

Akajikuna shingo. "Hapana, Mama. Nimemweka kwa sababu nembo nyingi zina tai. Sisi tulikuwa na kuku. Mama anao mpaka leo."

"Kuku!" Nikapiga kofi meza. "Na sisi viatu vya skuli tulinunuliwa kwa mayai! Sasa unahangaika na mwewe wa nini?"

Mjukuu akapewa kazi ya kuchora, akakubali kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kuku mweusi, undu mwekundu kichwani, vifaranga rangi ya dhahabu, kimoja kimebana karafuu mdomoni. Rangi za Wajerumani zote zimo, hakuna aliyedhulumiwa. Na chini, jina langu: Kuku mwenye watoto halengwi jiwe.

"Hicho nacho kijembe," binti yangu akanong'ona.

"Lakini cha heshima."

Mama mtu akaja. Akasimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni. Nikajua sasa atauliza tai wa kwao kapelekwa wapi. Mwanawe akamfasiria lile jina. Bibi akaukaribia ukuta, akatia kidole miguuni pa kuku, akasema jambo. Mkwe wangu akawa mwekundu kama undu.

"Kasemaje?"

"Anasema... huyu kuku ana kucha za jogoo nyuma ya mguu."

Nikavaa miwani. Wallahi, kweli! Mtu wa kuku huyu, hana haja ya mkalimani. Tukaishusha nembo, tukakaa naye sakafuni, yeye akafuta kucha moja, mie nyingine.

Mjukuu akatuinamia, akauliza kwa Kiingereza chake kuku ni wa bibi yupi.

"Mrushie jiwe," nikamwambia, "utaona tutakavyokutokea wote wawili."