Mlima Ulikuwa Mkono wa Kulia

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, na baridi ya Arusha ya mwezi wa saba unaijua, mlima Meru ulikuwa umejifunika wingu mpaka miguuni kama mgonjwa na blanketi lake. Naanza na mlima, mwanangu, kwa sababu kama siku ile usingejificha, leo nisingekuwa na la kukuambia.

Lakini kwanza nikupe kilichonikumbusha. Juzi mjukuu wangu Neema alitoka hapa nyumbani Sokon kwenda kwenye usaili wa kazi kule Themi. Si mbali. Simu ikamwambia akate kushoto, na kushoto kulikuwa na mto. Akaketi ndani ya bajaji akiitazama simu, dereva naye mgeni akiitazama simu hiyo hiyo, na hatua kumi tu kutoka hapo kuna mama anauza ndizi tangu mtaa ule haujawa mtaa. Hakuna aliyefungua mdomo. Neema alipofika, milango imefungwa. Alirudi analia. Nikamwuliza, "Kwa nini hukumwuliza yule mama?" Akasema, "Bibi, angeniona mshamba."

Nikamfuta machozi. Watu wa hapa nyumbani walidhani namhurumia. Sikuwa namhurumia. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi moyoni mwangu.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Niliishi na shangazi yangu Manka, hapa hapa Sokon, tukiuza vitambaa sokoni. Mjini nilikuwa na mwaka wa tatu, nilijiona mwenyeji kuliko panya wa sokoni. Viatu vya kisigino ninavyo, nywele nimebana. Kitu kimoja sikuwa nacho, na nilikificha hata kwa shangazi kadiri nilivyoweza: kusoma. Darasa la pili nilitolewa nikalee wadogo zangu, basi. Kibao cha gari kwangu kilikuwa mapambo.

Sasa shangazi Manka alikuwa amemkosea kaka yake mkubwa, yaani baba yangu mkubwa, Baba Eliakimu wa Makumira. Alimwita mchoyo mbele ya wakwe, siku ya posa ya binti wa huyo kaka. Mchaga mwambie vyote, lakini usimwambie hivyo wakwe wakiwa wameshika vikombe. Miezi minane hawakusalimiana. Halafu tukaletewa habari: kesho yake, saa saba mchana, Baba Eliakimu anapanda basi kwenda nyumbani Kilimanjaro kuwaambia wazee wa ukoo kwamba Manka si dada yake tena. Akishalisema neno hilo kule, halirudishwi.

Shangazi hakulala. Asubuhi akaenda nyuma ya nyumba, akakata jani la isale. Unaijua isale, ule mmea tunaopanda mipakani na makaburini. Kwetu anayeomba msamaha humtuma mtu na jani hilo limefungwa fundo, na anayeletewa hawezi kulikataa, hata kama ameumizwa namna gani. Lakini lazima limfikie. Isale iliyobaki njiani ni jani tu.

Akalifunga, akaliviringisha kwenye kanga, akanipa. "Wahi kabla hajapanda basi," akaniambia. "Gari la Usa, lile linalopita Makumira, unalijua?"

"Nalijua, shangazi."

Nilikuwa nalijua kweli, lakini kwa alama zangu. Enzi hizo tulipanda vifodi, vile vigari vidogo vya abiria. Cha Usa nilichozoea kupanda na shangazi wakati wa Krismasi kilikuwa cha buluu, kioo chake cha pembeni kimepasuka katikati. Na alama ya pili ilikuwa mlima. Ukienda Usa, Meru inakuwa mkono wako wa kushoto. Basi, hivyo ndivyo nilivyosoma mji mzima.

Nikafika stendi. Kifodi cha buluu kipo, kioo kimepasuka. Nikapanda, nikakaa mbele karibu na dereva kama mke wa mkubwa. Sikujua kwamba wiki ile mwenye gari alikuwa amelihamishia njia nyingine. Kibao kilikuwa kimebadilishwa, pale pale mbele ya macho yangu.

Akaja mzee mmoja wa Kiarusha, shuka nyekundu, fimbo, viatu vya matairi. Akamwuliza konda kwa Kimaasai. Konda akamjibu kwa Kimaasai. Akamwuliza tena dereva. Akamgeukia abiria wa nyuma, akamwuliza na yeye. Mimi sikuelewa neno, lakini nilielewa kwamba anauliza gari linakwenda wapi, na jambo hilo likanichekesha. Shikamoo sikumpa. Nikamwambia, "Mzee, utauliza mara ngapi? Si limeandikwa hapo mbele?"

Akanitazama taratibu. "Wewe umesoma, binti?"

"Nimesoma."

"Vizuri," akasema, akakaa nyuma yangu.

Mwanangu, ulimi hauna mfupa. Sekunde ile ile ningeweza kusema, "Hata mimi sijui kusoma, mzee, hebu niambie wamekujibu nini." Ningeshuka hapo hapo stendi. Konda alipokuja kuniuliza nashukia wapi, nikaona kutaja kituo ni kuonekana mshamba, na Makumira nitaiona mwenyewe njiani, nikasema, "Mwisho wa gari." Tazama ujanja wa mjinga! Nilijifungia kila mlango kwa mkono wangu.

Tukaondoka. Ukungu ulikuwa mzito, huoni mti wa tatu. Nikaona mibuni pembeni mwa barabara, nikajituliza, ndiyo, njia ya Usa ina mibuni. Kumbe mibuni ipo kila upande wa mji huu. Mtu asiyetaka kuuliza hakosi kitu cha kumdanganya.

Tulipokuwa tumekwenda kitambo, wingu likaanza kupanda. Kwanza mashamba ya mahindi, halafu msitu, halafu mlima wenyewe ukatokea wote, mkubwa, umeoshwa.

Ulikuwa mkono wa kulia.

Sikupiga kelele. Hata hapo, mwanangu, hata hapo niliona aibu kusema. Nikakumbatia kanga yenye isale, gari likizidi kunipeleka mbali na Makumira, mpaka Ngaramtoni, likasimama, watu wote wakashuka. Nikabaki mimi na dereva.

Yule mzee akaja dirishani. "Msomi," akasema, "umefika?"

Nikalia. Si kilio cha adabu, kilio cha pua. Nikamwambia yote: kwamba sijui kusoma, kwamba nilikuwa nakwenda Makumira, shangazi, baba mkubwa, basi la saa saba. Nikamfungulia kanga, akaliona jani. Nilidhani atacheka, maana nilimcheka mimi. Hakucheka. Aliliangalia jani lile muda mrefu.

"Sisi tunashika nyasi," akasema. "Mtu akishika nyasi mkononi anataka amani, hapigwi. Hili jani lenu ni ndugu yake." Halafu uso ukabadilika. "Na wewe umelipandisha gari la kiburi. Shuka."

Nikashuka. Nikamwomba, "Mzee, niulizie gari la kurudi."

"Sikuulizii. Mdomo wako umeuweka kwa ajili ya kula tu? Wa kunicheka ulifanya kazi vizuri."

Ilikuwa siku ya soko pale, umati. Akanisimamisha katikati yao na fimbo yake, akasema, "Uliza. Kwa sauti."

Nikanong'ona. Akasema, "Hata mimi sijasikia, na masikio yangu ni mazuri." Nikapaza sauti: "Naomba gari la kwenda mjini!" Akatikisa kichwa. "Sema na lile lingine. Lile uliloficha."

Mwanangu, lile ndilo lilikuwa zito. Heri ningebeba gunia. Nikasema mbele ya soko zima, "Sijui kusoma vibao. Nakwenda Makumira na nina haraka. Nani atanionyesha?"

Unajua kilichotokea? Mama mmoja mwenye vibuyu vya maziwa akasema, "Kumbe? Hata mimi sijui, mimi nauliza tu. Njoo." Basi! Nilisubiri mbingu zianguke, zikakaa palepale. Mwanamume mmoja akasema gari lile jeupe linajaa sasa hivi. Dereva wa gari jeupe aliposikia kuna isale ndani, alikuwa Mchaga wa Machame, akaanza kuwaharakisha abiria kama nyumba inaungua. "Pandeni, pandeni! Huyu amebeba isale!"

Kabla sijapanda nikamgeukia mzee. Nikasema, "Shikamoo, mzee." Asubuhi yote, hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu ya kwanza kwake. Nilikuwa nimeona vijana wao wanavyosalimia wazee, nikainamisha kichwa. Akaniwekea kiganja utosini. Kiganja kigumu, kina joto. "Marahaba. Nenda ukiuliza," akasema. Jina lake lilikuwa Lomayani. Sikumwona tena.

Pale mjini dereva wa Machame akanikabidhi kwa mwenzake wa Usa kwa maneno, "Huyu hajui kusoma, mshushe Makumira." Aliyasema kwa sauti, watu wakasikia, na sikufa.

Nilimkuta Baba Eliakimu barabarani. Amevaa koti, begi miguuni, basi linaonekana kule linakuja. Sikumsalimia hata, nilipiga magoti kwenye vumbi nikanyoosha mikono na jani. Lilikuwa limeanza kukunjamana kwa jasho langu.

Basi likasimama. Konda akafungua mlango. "Mzee, twende."

Baba Eliakimu aliliangalia basi, akaliangalia jani. "Manka kalituma saa ngapi?"

"Asubuhi, baba."

"Asubuhi? Kutoka Sokon? Lilikuwa linatembea kwa miguu?"

Nikamwambia nilikuwa Ngaramtoni. Akaniuliza Ngaramtoni nilikwenda kufanya nini, nikamwambia ukweli, mpaka ule wa kusimama katikati ya soko. Alikunja uso. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Mtu ambaye hakucheka miezi minane akacheka mpaka akashika mlango wa basi. "Jamani, Manka! Isale yake imeombewa njia na soko zima!" Akalichukua jani kwa mikono miwili. Akamwambia konda, "Endeni. Sina safari tena." Jumapili ile shangazi alikula kwake, na hakuna aliyetaja uchoyo.

Mwezi uliofuata nikaingia darasa la watu wazima kanisani, jioni, na akina mama walionizidi umri. Haya unayoyasoma nimeandika kwa mkono wangu, na makosa yake.

Sasa sikia, kwa sababu mimi sizunguki. Mji huu umekuwa mkubwa. Barabara zinaongezwa, njia za magari zinabadilishwa, mtaa uliolala shamba unaamka na ghorofa. Simu ibebe, ni kitu kizuri, wala sina ugomvi nayo. Lakini simu haijui daraja lililobomoka jana. Mama wa ndizi anajua. Msalimie kwanza, halafu uliza. Ukijibiwa usipoelewa, uliza tena, kama Mzee Lomayani, mara tatu. Usimcheke anayeuliza, yeye atafika. Na lile usilolijua liseme mapema, stendi, kabla gari halijaondoka, maana mficha uchi hazai, na aibu ya dakika moja si kitu mbele ya siku nzima ya kwenda kusiko. Hasa ukiwa umebeba cha mwenzako. Siku ile kama ningepotea peke yangu, ningekuwa nimejipoteza mimi. Lakini nilibeba undugu wa watu wawili ndani ya kanga.

Neema wamempa siku nyingine, Jumatatu. Jana nilimwona kwa yule mama wa ndizi, amechuchumaa, wanachora kitu chini kwa kijiti. Sikuwasogelea.

Nawe, mwanangu, popote unaposoma haya, inamisha kichwa nikuwekee kiganja, kama nilivyowekewa. Mungu akupe miguu isiyochoka na mdomo usioona haya. Kila utakayemwuliza akujibu kwa wema, na ulichobeba kifike kingali kibichi. Na siku mlima ukijificha, asikosekane mtu wa kukuonyesha uko upande gani. Nenda ukiuliza.